Maji ya waipa ya nyuma yanapoishia ndani ya buti

SWALI: Ndugu Mhariri, ninaendesha Toyota Vitz iliyoagizwa kutoka Japani ikiwa imeshatumika. Tangu masika yaliyopita kapeti ya buti imekuwa ikilowa upande wa kushoto na sasa inatoa harufu ya uvundo. Mwanzoni nilidhani ni mvua, lakini mvua zimekwisha na kapeti bado inalowa. Nikiwasha maji ya kioo cha nyuma nasikia pampu ikinguruma, ila kiooni hufika matone mawili matatu tu. Fundi mmoja amenishauri tuzungushie kioo silikoni. Mwingine amesema atakata mpira wa maji na kuunga kipande cha mpira wa dripu ya hospitali. Nimsikilize yupi? — Msomaji wa kike, Morogoro.

JIBU: Dada yetu, kwa sasa usimruhusu yeyote kati ya hao wawili aanze kazi. Barua yako ina dalili mbili ambazo zikiwekwa pamoja zinatosha kuonyesha njia: kapeti inalowa hata wakati wa kiangazi, na pampu inafanya kazi lakini maji hayafiki kiooni. Maji hayo yanatoka kwenye tanki la gari lako mwenyewe. Silikoni ya kuzungushia kioo haitayazuia, na siku kioo hicho kitakapohitaji kutolewa, itampa kazi kubwa atakayekishughulikia.

Ili uelewe yanakopotelea, fuata safari yake. Katika magari mengi madogo ya aina hii, tanki la maji ya waipa liko mbele, chini ya boneti au limejificha nyuma ya bampa, na tanki hilo hilo hulisha kioo cha mbele na cha nyuma. Kutoka hapo mpira mwembamba, ambao tundu lake kwa kawaida ni la milimita 4 hivi, husafiri urefu wote wa gari ukiwa umefichwa chini ya kapeti au juu ya silingi, mpaka kwenye bawaba za mlango wa nyuma. Hapo huingia mlangoni kupitia mpira mnene wenye mikunjo, ukiwa pamoja na nyaya za taa, za kufuli na za mota ya waipa. Kila mlango unapofunguliwa na kufungwa, mpira huo mwembamba hukunjwa na kunyooshwa mahali pale pale. Kwa gari lililokaa juani miaka mingi, plastiki yake huwa imekauka na kupoteza ulaini, na ndiyo sababu mimi huanza kutazama kwenye bawaba kabla ya mahali pengine popote.

Maji yakitoka hapo hayaonekani. Huteremka nyuma ya plastiki za pembeni, hufuata bati la nguzo ya pembeni inayoshika paa, kisha hukusanyika mahali pa chini kabisa, yaani kwenye shimo la tairi la akiba na kapeti iliyo jirani. Kwa hiyo mahali palipolowa panakueleza tu mwisho wa safari, na mtu anayeanza kupaka gundi pale anapopaona pamelowa anajichosha bure.

Kipimo chake ni rahisi na unaweza kukifanya nyumbani. Toa kapeti na tairi la akiba, ukaushe bati lote kwa kitambaa. Tia shampuu kidogo ya kuoshea gari katika tanki la maji, kwa sababu povu huacha alama ambayo maji matupu hayaiachi. Fungua mlango wa nyuma, uchomoe kwa vidole ncha moja ya ule mpira wenye mikunjo, kisha umwombe mtu aliyekaa kwenye usukani awashe maji ya nyuma kwa sekunde chache tu. Pampu isiachwe ikizunguka muda mrefu, hasa tanki likiwa limekaribia kukauka, maana maji hayo ndiyo yanayoipoza. Rudia mlango ukiwa umeteremshwa nusu, kwa kuwa ufa mdogo huweza kujifunga mpira ukinyooka na kufunguka ukikunjwa. Usipoona kitu hapo, fungua plastiki ya ndani ya mlango na utazame maungio yaliyo karibu na nozeli, yaani kile kijibomba kidogo kinachorushia maji kiooni, kisha plastiki ya nguzo ya upande unaolowa.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo mafundi wetu wengi hulipita haraka, na ambalo ningependa ulisimamie hata kama fundi ana haraka. Kabla ya kuunga mpira, hakikisha nozeli imezibuka. Chumvi ya maji ya kisima, vumbi na nta ya kung'arishia gari huziba kitundu chake kidogo. Pampu inaendelea kusukuma, mgandamizo unapanda, na ungio lililo dhaifu kuliko yote linachomoka au mpira uliokauka unapasuka. Ukibadilisha mpira na kuiacha nozeli ikiwa imeziba, utakuwa umehamisha uvujaji kutoka ungio moja kwenda jingine. Itoe nozeli, iloweke katika siki ya uvuguvugu, uizibue kwa sindano nyembamba kuliko kitundu chenyewe, kisha upulize kutoka upande wa nje kwenda ndani ili uchafu urudi ulikoingilia. Ukishaunga mpira, washa maji kabla ya kuurudisha kwenye nozeli, utazame kama yanatoka kwa nguvu kwenye ncha yake.

Kuhusu mpira wa dripu, ninaelewa kwa nini fundi anaupendekeza: ni laini, unapatikana, na bei yake ni ndogo. Lakini haukutengenezwa kwa joto la ndani ya gari lililoegeshwa juani wala kwa kukunjwa kila siku, na kuta zake ni nyembamba. Nenda na kipande cha mpira wa zamani kwenye duka la spea, uombe mpira wa maji ya waipa wenye tundu linalolingana nacho, wa raba au wa silikoni, pamoja na viungio viwili vya plastiki. Kata sehemu yote iliyokauka, si ule ufa peke yake, na ukate kwa wembe ili ncha ziwe sawa. Chovya ncha katika maji ya moto ili ilainike, kisha uisukume mpaka ifunike meno yote ya kiungio. Maungio yawe ndani ya bodi na ndani ya mlango, yasikae kwenye mikunjo, na mpira uachiwe ulegevu kidogo ili mlango ukifunguka wote usiuvute. Gundi kali ya kukausha papo hapo usiitumie: huufanya mpira uwe mgumu na kuvunjika pembeni mwa kiungio, na tone moja likiingia ndani huziba njia. Utepe wa umeme nao haustahimili mgandamizo.

Ukiwa umeufungua mpira wenye mikunjo, zitazame nyaya zilizomo. Zinakunjwa mahali pale pale mpira wa maji ulipopasukia, na ganda lao likichanika maji yanageuza shaba kuwa ya kijani. Ukiona hivyo, mwite fundi umeme aziunge kwa risasi na kuzifunika vizuri kabla taa ya breki haijazimika au fyuzi haijaungua.

Kapeti ianikwe pamoja na sponji yake ya chini, ambayo hushika maji kwa muda mrefu kuliko kapeti yenyewe. Kwenye shimo la tairi la akiba kwa kawaida kuna kizibo cha raba. Kitoe maji yashuke, usugue kutu kwa brashi ya waya, upake praima, yaani rangi ya kwanza ya kuzuia kutu, kisha ukirudishe kizibo.

Ikiwa baada ya matengenezo maji yanachelewa sana kufika kiooni, au yanachuruzika yenyewe ukiegesha mlimani, tafuta valvu ndogo ya kuzuia maji yasirudi, ambayo katika magari mengi imewekwa njiani mwa mpira. Ikichoka hubadilishwa, na mshale wake lazima uelekee kwenye nozeli.

SWALI: Mimi nina Volkswagen Golf ya zamani. Nikiwasha maji ya nyuma yanatiririka ndani ya mlango, na wiki hii waipa yenyewe imekwama. Je, hili ni tatizo lile lile? — Msomaji, Nairobi.

JIBU: Ndugu msomaji, chanzo kinafanana lakini hatari yake ni kubwa zaidi. Katika Golf nyingi za zamani maji hupita katikati ya mhimili wa mota ya waipa na kutokea kwenye nozeli iliyo mwishoni mwa mhimili huo. Nozeli ikiziba au sili ya ndani, yaani raba inayozuia maji yasivuje, ikichakaa, maji huingia kwenye mota, hula mhimili kwa kutu na kufika kwenye sakiti yake. Acha kabisa kuwasha maji ya nyuma kuanzia leo. Mota ifunguliwe: ikiwa kutu iko kwenye mhimili pekee, inaweza kusafishwa, kupakwa grisi na kuwekewa sili mpya, ikiwa sakiti imeshaota ukijani, nunua mota nyingine. Ukinunua iliyotumika, pulizia kwenye kijibomba cha maji kabla ya kulipa, ili uone kama hewa inatokea kwenye mhimili bila kuvuja pembeni. Na kabla ya kuifunga, muulize fundi akuonyeshe kwamba mpira unaoleta maji ni mzima mpaka juu ya silingi, kwa sababu maungio ya huko nayo huchomoka pale nozeli inapokuwa imeziba kwa muda mrefu.