Marhamu ya bangi kwa vidole vinavyouma: ninavyoitengeneza hapa Alberta

Dada mmoja wa Hamilton, hapahapa Kanada, ameuliza mambo mawili. Yeye ni msusi, na shina la kidole gumba linamuuma kila akibana nywele. Anataka kujua kama marhamu ya bangi ya kutengeneza nyumbani inasaidia, na inatengenezwaje. Halafu anauliza kama anaweza kumtumia mama yake kikopo kimoja Morogoro. Nitajibu kwa kirefu, kwa sababu nimekaa miaka mingi kwenye kiwanda cha nyama huku Brooks, kisu mkono wa kulia na nyama ya baridi mkono wa kushoto, na vidole vyangu vimenilazimisha kujifunza.

Nianze na la mama, dada yangu: usitume, wala usibebe kwenye begi ukienda kumsalimia. Hapa Kanada bangi ni halali tangu tarehe 17 Oktoba 2018, na watu wazima tunaruhusiwa kutengeneza mafuta na marhamu majumbani mwetu. Lakini kuivusha mpaka wa Kanada ni kosa la jinai, iwe kwa posta au mkononi, hata kama ni marhamu, na hata kama daktari wako amekuandikia. Upande wa pili utakutana na Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015. Mzazi ataitwa posta kuchukua mzigo wake bila kujua kilichomo, na atakayehojiwa ni yeye. Mama tutamtafutia njia nyingine, nitaieleza mwishoni. Na ndugu mnaosoma mkiwa Tanzania, Kenya au Uganda, maelekezo ya kupika yaliyo hapa chini si yenu. Ni ya mtu anayeishi mahali ambapo sheria inamruhusu.

Sasa kidole chako. Kabla hujawasha oveni, nenda ukapimwe ujue kinachouma ni nini. Mimi nilipigwa picha ya eksirei, ikaonekana gegedu, ule utando laini unaofunika ncha za mifupa kwenye kiungo, limesagika chini ya gumba. Kwa wasusi, washonaji na sisi wa visu, hilo hutokea sana. Lakini kama asubuhi mikono yote miwili inaamka imekakamaa kwa zaidi ya saa nzima, na vifundo vya vidole vimevimba, vina joto na ni laini ukivibonyeza, huo unaweza kuwa ugonjwa ambao kinga ya mwili inashambulia viungo vyenyewe. Huo una dawa zake za hospitali, na ukicheleweshwa unakula mfupa. Marhamu itakutuliza kidogo huku kiungo kinaharibika kimyakimya. Na kama usiku unaamshwa na ganzi kwenye gumba, kidole cha shahada na cha kati, hapo ni mshipa wa fahamu unabanwa kwenye kifundo cha mkono. Kupaka mafuta juu hakuondoi mbano huo.

Je, inasaidia? Mimi inanisaidia, ndiyo maana naitengeneza. Kwangu inapunguza ule ukakamavu wa asubuhi na yale maumivu ya kuvuta baada ya zamu, lakini haifuti maumivu makali. Utafiti wenyewe bado ni mdogo. Kule Virginia, Marekani, watu 18 wenye tatizo hilihili la shina la gumba walipewa CBD, kemikali ya bangi isiyolevya, iliyochanganywa na siagi ya shea, miligramu 6.2 kwa kila mililita, wakawa wanapaka mara mbili kwa siku. Walipata nafuu kuliko walipopaka siagi tupu. Watu 18 ni wachache, lakini ni kidole chetu hasa na ni marhamu hasa. Denmark nako walijaribu vidonge vya CBD, miligramu 20 hadi 30 kwa siku, kwa watu 136 wenye maumivu ya viungo vya mikono, na havikushinda vidonge visivyo na dawa ndani. Kwa hiyo mtu akikuambia bangi inatibu viungo, usimkubalie. Gegedu lililosagika halioti tena kwa kupaka mafuta.

Tuje jikoni. Kwako wewe unayeshika vichwa vya watu, na pengine watoto, nakushauri utafute maua yenye CBD nyingi na THC kidogo, THC ikiwa ndiyo kemikali inayolevya. Maduka yenye leseni yanayo, na pakiti inaandika miligramu ngapi kwa gramu. Soma ule mstari wa jumla, maana ndio unaoonyesha kiasi kinachopatikana baada ya ua kupata joto. Hesabu yake si ngumu. Ua lenye CBD miligramu 150 kwa gramu, ukitumia gramu 10, ni miligramu 1,500. Ukiziloweka kwenye mililita 250 za mafuta, unapata miligramu 6 kwa mililita, kama hakuna kilichopotea. Kitapotea, kwa sababu mengine yanabaki kwenye majani na kwenye kitambaa, lakini sasa una kipimo. Wengi wanatupia konzi ya majani kwenye mafuta halafu wanashangaa kikopo cha leo hakifanani na cha mwezi uliopita.

Hatua ambayo watu huiruka ni kukausha ua kwa joto kabla ya kuliweka kwenye mafuta. Katika ua bichi, CBD na THC zimo katika umbo la asidi. Joto linaiondoa kaboni dioksaidi kutoka kwenye asidi hiyo, ndipo unapata kile ulichokisoma kwenye pakiti. Mimi natumia nyuzi 115 za Selsiasi. Oveni nyingi za hapa zimeandikwa Farenhaiti, weka 240. Ua la THC naliacha humo dakika 45, la CBD saa nzima maana linachelewa. Likatekate kwa mkono au mkasi, usilisage unga, litandaze kwenye trei na ulifunike kwa foili. Nunua kipimajoto kidogo cha kuning'iniza ndani ya oveni, hakina bei kubwa. Namba ya kwenye kitufe na joto halisi la ndani mara nyingi havilingani, na joto likizidi sana unachoma kilekile unachokitafuta. Likitoka linakuwa la kahawia hafifu na linavunjika vidoleni. Harufu itajaa nyumba, kwa hiyo kama unaishi kwenye ghorofa fungua madirisha na uchague saa ambayo majirani wako kazini.

Mafuta nachanganya nusu ya nazi na nusu ya zeituni. Nazi peke yake inaganda chini ya nyuzi 24, na huku kwetu wakati wa baridi kikopo kinakuwa jiwe. Zeituni peke yake inahitaji nta nyingi. Weka mafuta na ua kwenye bakuli la kioo juu ya sufuria ya maji ya moto, moto mdogo, maji yachemke taratibu. Acha saa mbili hadi tatu, ukikoroga mara kwa mara na kuongeza maji kwenye sufuria yasikauke. Usiweke bakuli moja kwa moja kwenye jiko. Na usishawishike na wanaokamua bangi kwa gesi ya butani au spiriti. Sheria ya hapa inakataza vimumunyisho vya namna hiyo nyumbani, na nyumba zimelipuka.

Chuja kwa chachi mara mbili, kisha pima mafuta uliyopata, maana yatakuwa yamepungua. Kwa kila mililita 100 za mafuta weka gramu 15 hadi 20 za nta ya nyuki. Nta inayeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64, kwa hiyo irudishe bakuli juu ya ileile sufuria ya maji ya moto mpaka iyeyuke yote. Kabla ya kumimina, chota kwenye kijiko kilichokaa kwenye friji na usubiri dakika moja. Ikiwa ngumu mno ongeza mafuta, ikiwa inateleza ongeza nta. Mimina kwenye vikopo vilivyochemshwa na kukauka kabisa.

Hapo kwenye kukauka nakaza sauti. Usiweke tone la maji. Naona watu wanapendekeza kutia utomvu wa shubiri mbichi, juisi ya tangawizi, hata majimaji ya majani. Vyote hivyo vina maji, na maji ndani ya mafuta yasiyo na dawa ya kuhifadhi yanaotesha ukungu na bakteria, halafu unavisugua kwenye mikono yenye michubuko ya kazi. Vitamini E inachelewesha mafuta kuchacha, lakini haiui wadudu. Ukitaka harufu au ubaridi, kristali chache za mentoli zinatosha, ziyeyushe mafuta yakiwa yameanza kupoa. Ukiona madoa au harufu imebadilika, tupa kikopo chote. Nami sitengenezi cha kukaa mwaka, natengeneza kidogokidogo.

Kupaka: jaribu kwanza kidogo upande wa ndani wa mkono, usubiri hadi kesho yake uone kama ngozi inawasha. Kisha osha mikono kwa maji ya vuguvugu, futa, chukua kiasi cha punje ya haragwe, na usugue shina la gumba taratibu kwa dakika kadhaa, ukipanda hadi kwenye msuli wa kiganja. Asubuhi na usiku. Usiku vaa glavu za pamba. Nakiri kwa moyo mweupe kwamba sehemu ya nafuu inatokana na kusugua kwenyewe na joto, na hilo halinisumbui, nafuu ni nafuu. Usipake kwenye kidonda. Kabla ya kugusa kichwa cha mteja, chakula, jicho au lenzi, osha mikono kwa sabuni.

Kwa walio na watoto nyumbani, kikopo kikae kwenye kabati lenye kufuli na kiandikwe kilichomo. Kinanukia nazi na kina mafuta matamu, mtoto akilamba marhamu yenye THC ni safari ya hospitali. Mbwa vilevile. Na anayepimwa mkojo kazini, kama madereva wa malori, asitumie ya THC, atumie ya CBD kwa tahadhari au aache kabisa, kwa kuwa ya nyumbani haina cheti cha maabara.

Kuna kitu kingine nataka ukifanye hata usipotengeneza marhamu. Omba banzi la gumba, lile la kuvaa mkononi linaloshikilia kiungo kisicheze. Miongozo ya mwaka 2019 ya madaktari wa viungo wa Marekani inalipendekeza kwa nguvu kwa shina la gumba lililosagika, na marhamu ya bangi haimo kwenye orodha yao. Mimi navaa langu usiku na siku za mapumziko. Wewe livae usiposuka, na unene wa mpini wa kitana uongeze kwa kuuzungushia kitambaa, kwani kubana kitu chembamba ndiko kunakoumiza kiungo hicho zaidi.

Mama wa Morogoro sasa. Apelekwe kwanza hospitali ya mkoa akaangaliwe, kwa sababu hatujui kinachomuuma. Kama ni kusagika kwa gegedu, jeli ya diklofenaki ipo kwenye maduka ya dawa, apake kidogo kwenye kiungo. Amwambie mfamasia kama ana vidonda vya tumbo, shida ya figo au anatumia dawa za kuzuia damu kuganda. Usiku amkande kwa maji ya vuguvugu yule anayeishi naye, kisha ampake kijiko kikubwa cha mafuta ya nazi chenye tone moja au mawili ya mafuta ya karafuu, yasizidi, karafuu kali inaunguza ngozi ya mzee. Pesa ambayo ungelipia posta mtumie ya nauli na eksirei.

Ukishapimwa rudi uniambie walichokuta, na kama una ganzi ya usiku sema mapema, maana hapo nitakushauri tofauti.