Barua kwa mwanangu: nani atamwambia bibi?

Mwanangu,

Salamu zako zimefika, na sisi huku Wete hatujambo. Umeniuliza hao madaktari wanaojifunza upasuaji uwaanzishie maadili na lipi: fomu ya ridhaa, siri ya mgonjwa, au zile kanuni nne za vitabuni: uhuru wa mgonjwa kuamua, kumtendea mema, kutomdhuru, na haki. Anza na lolote, ila wafundishe kukaa kitako. Marehemu baba yako alikuwa akinicheka kwa neno hili, nawe umekua ukilisikia: daktari aliyesimama hajaeleza kitu.

Unamkumbuka yule bibi wa Micheweni niliyekuwa nikimpelekea uji? Hukuwahi kuniuliza kwa nini. Maradhi ya sukari yalikuwa yamemla mguu, donda ndugu limeshapanda juu ya kifundo. Wanawe walikubali ukatwe, lakini huko huko barazani, wakamnong'oneza daktari kijana: mama asiambiwe, ataogopa. Kijana akaingia wodini na wino, akasimama upande wa miguuni. "Bibi, tunakusafisha donda. Tia dole hapa." Akatia. Karatasi yenyewe ya Kiingereza. Zama zile sisi manesi hatukuwa na mdomo mbele ya daktari.

Alipozinduka hakulia. Alipapasa shuka, akanigeukia: "Mguu umezikwa wapi?"

Wala hakuuliza kwa nini umekatwa. Kwetu kiungo huzikwa, na wanawe hawakuwa hata wamekiulizia. Swali lile linanichoma mpaka leo.

Utasema angeambiwa angekataa, na angekataa angekufa. Nimejisemea hayo mara nyingi. Sumu ya donda ndugu ikishaingia kwenye damu haisubiri mtu. Na wanawe hawakuwa wabaya. Nani kwetu hupasuliwa bila ya ndugu kukaa wakashauriana? Tena kijana alikuwa na mkono mzuri, kidonda kikafunga bila usaha. Lakini kukataa kulikuwa kwake yule bibi. Na nani kasema angekataa? Mtu anayeuliza kaburi la mguu kabla ya dawa ya maumivu, angeshindwa kusikia habari ya msumeno?

Ile orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2008, ambayo hospitali ya Ifakara, huko bara, ilikuwa moja ya hospitali 8 zilizoijaribu, mimi naipenda. Kabla ya dawa ya usingizi, mgonjwa mwenyewe anathibitisha jina lake, anafanyiwa nini, mahali gani, na kwamba ameridhia. Ingekuwepo siku ile, bibi angesema "kusafishwa donda", nesi angesoma "kukata mguu", na kisu kingengoja. Ila nayo nimeona ikisomwa mbiombio, mtu kasimama, macho ukutani. Daktari aliyesimama, mwanangu!

Najua utataka niseme kama kijana yule alidhulumu. Ulimi unaniwasha. Amekwisha kuwa mtu mzima, wengi kisiwani wanatembea kwa mikono yake, na yule bibi aliishi akaona wajukuu wakiolewa. Niache.

Wape kisa hiki darasani. Waulize nani angemwambia bibi, na wanawe wawepo au watoke. Atakayejibu haraka, muulize tena. Halafu hebu niambie, hiyo wodi yenu ina viti? Kama haina, omba viti kabla ya hiyo projekta.

Mama yako