Slaidi ina pete chache, mtoto hajitambui: vimelea vingine viko wapi?

SWALI: Mimi ni mteknolojia wa maabara katika kituo cha afya. Tuliletewa mtoto wa miaka 3 akiwa hajitambui. Saa 2 usiku nilihesabu vimelea 30 vya malaria aina ya falsiparamu kwa seli nyeupe 500, vyote vichanga, vya umbo la pete. Akachomwa artesunate, dawa ya malaria kali. Saa 8 usiku nikakuta 200 kwa seli nyeupe zilezile 500. Daktari wa zamu anauliza kama nilikosea kuhesabu au dawa imeshindwa. Nimjibu nini?

JIBU: Kwa kanuni ya seli nyeupe 8,000 kwa mikrolita, ulianza na vimelea 480 kwa mikrolita ukafika 3,200. Namba hizo si ushahidi kwamba ulikosea, na kwa saa sita hatuwezi kusema dawa imeshindwa. Slaidi huonyesha vimelea vinavyozunguka na damu tu. Vilivyokomaa huwa vimejishikiza ndani ya mishipa midogo, na wakati mwingine ndivyo vingi kuliko unavyoviona.

Kimelea kikishaingia kwenye seli nyekundu huigeuza. Seli hiyo haina kiini wala mitambo ya kutengeneza protini, kwa hiyo kimelea hulazimika kuleta vifaa vyake. Hupitisha mamia ya protini zake kwenye utando uliokizunguka na kuzisambaza ndani ya seli. Mojawapo, KAHRP, hujenga vinundu chini ya ngozi ya seli. Juu ya vinundu hivyo husimama protini nyingine, PfEMP1, ambayo ndiyo kulabu yenyewe ya kujishikiza. Kimelea kimoja kina jeni za kutengeneza kulabu hii zipatazo 60, na kwa kawaida hutumia moja kwa wakati mmoja, hivyo kinga ikiitambua hii, vizazi vinavyofuata huja na nyingine.

Kulabu huanza kufanya kazi pete zinapofikisha saa 16 hadi 24 hivi. Seli hunasa kwenye ukuta wa kapilari na kukwepa kupita kwenye bandama, ambako ingechujwa kwa sababu imekuwa ngumu. Inabaki hapo mpaka mzunguko wa saa 48 utimie, ipasuke na kutoa vimelea vipya 16 au zaidi. Hapo pete huonekana kwa wingi ghafla, na huenda ndicho ulichokiona saa 8 usiku. Idadi kupanda ndani ya saa 12 hadi 24 za kwanza hakutoshi kusema dawa imeshindwa.

Mahali kulabu inaposhika pana uzito mkubwa. Mwaka 2013, watafiti waliochunguza vimelea vya watoto wa Tanzania waliona kwamba malaria kali inahusishwa na PfEMP1 zinazoshika kipokezi kiitwacho EPCR. Kazi ya kipokezi hicho ni kusaidia kuzuia damu kuganda na kulinda ukuta wa mshipa usivuje. Kikizibwa, ulinzi huo hupungua. Ndiyo maana mtoto mwenye vimelea 480 anaweza kuwa mahututi kuliko mwenye 50,000.

Sasa rudi kwenye hadubini. Tone zito la damu limekupa idadi. Chukua utando mwembamba wa damu uliokazwa kwa methanoli, utumie lenzi ya mafuta, utazame umri wa vimelea. Ukiona vyenye punje za kahawia-nyeusi za hemozoini, yaani mabaki ya hemoglobini iliyoliwa, au vilivyogawanyika tayari kupasuka, mwambie daktari mara moja: ni dalili kwamba vilivyojificha ni vingi. Kagua pia nyutrofili 100, aina ya seli nyeupe zinazomeza vimelea. Zenye punje hizo zikizidi 5, hali ni ya hatari hata kama pete ni chache. Ripoti yenye namba peke yake inamnyima daktari habari hii.

Kabla ya hapo hakikisha rangi. Rangi ya Giemsa ya asilimia 10 kwa dakika 10 inatosha, lakini maji yawe na pH 7.2. Yakiwa na asidi, kiini cha pete hufifia na utaziruka nyingi. Tone zito usilitie methanoli, litakataa kuachia hemoglobini. Usitegemee kipimo cha haraka kufuatilia tiba, kwani HRP2, protini ya kimelea ambayo kipimo hicho huitafuta, hubaki kwenye damu kwa wiki kadhaa baada ya vimelea kufa.

Jambo lisilosubiri ni sukari ya damu. Mtoto asiyejitambua apimwe sasa hivi na arudiwe, maana sukari ikishuka nayo huleta kupoteza fahamu. Artesunate iendelee: kwa aliye chini ya kilo 20 ni miligramu 3 kwa kilo, saa ya 0, ya 12 na ya 24, kisha kila siku hadi aweze kumeza dawa mseto kamili. Rudia slaidi kila saa 12.

Akipona, msimwache. Artesunate huua pete ndani ya seli, bandama huzing'oa na kuirudisha seli kwenye mzunguko, ila maisha ya seli hiyo huwa yamefupishwa. Zikivunjika kwa pamoja, damu hushuka wakati hakuna kimelea tena. Pima hemoglobini siku ya 7, ya 14 na ya 28.