Je, Mjomba Aendelee Kusomewa?

Mwezi huu nina barua tatu juu ya jambo moja: hadithi za askari na vita. Barua ya Masasi itachukua nafasi kubwa, na wale wawili waniwie radhi.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni binti wa miaka 24, naishi na mjomba wangu nje kidogo ya Masasi, ndiye aliyenilea. Mjomba alipigana Vita vya Kagera. Siku hizi macho yake hayasomi tena, basi jioni tukishamaliza kuokota korosho namsomea. Majuzi nilianza riwaya ya kijana aliyechukuliwa jeshini mwaka 1978. Nilipofika pale kamanda anapowahutubia askari na wote wanashangilia, mjomba aliinuka, akachukua fimbo yake, akaenda kukaa chini ya mkorosho mpaka giza likaingia. Nikajua nimemuudhi. Kesho yake tunakunywa uji, akaniuliza: "Yule kijana alipata barua ya kwao?" Mkewe anasema niache kabisa, nitamletea maradhi. Nifanyeje?
Msomaji, Masasi

JIBU: Marahaba, mwanangu. Endelea kumsomea. Mtu aliyekichukia kitabu haulizi habari za barua. Mjomba aliukimbia ukurasa mmoja tu, na usiku kucha alikuwa na yule kijana kichwani.

Sababu ya kuinuka kwake ni mali yake, usimdai. Ila nitakwambia ninavyoziona kurasa za hotuba. Sisi tuliobaki nyumbani vita tulivisikia redioni. Tarehe 2 Novemba 1978 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba uwezo wa kumpiga Amin tunao, sababu tunayo na nia tunayo, na hadi leo wa rika langu wanayakariri maneno hayo kama sala. Kwa hiyo mwandishi ambaye hakwenda akiandika vita, mkono wake unakimbilia hotuba. Aliyekwenda alivijua kwa miguu. Sehemu kubwa ya safari ya kutoka Kagera hadi Kampala ilikuwa ya kutembea, na masika yaliwakuta njiani. Riwaya yenye kurasa kumi za kushangilia na isiyo na hata mstari mmoja wa viatu vilivyolowa, wazee wetu wanaigundua mara moja.

Sasa barua. Hapo mwandishi wako amepatia. Barua ndicho kitu ambacho askari wa kwenye kitabu na mjomba wako wanaweza kukingojea pamoja, na mjomba asilazimike kusema neno lolote juu ya bunduki.

Kaka yangu mkubwa alikwenda kama mgambo. Aliporudi Mikindani hakulala tena chumbani, alitandika mkeka barazani, mvua au kiangazi. Mama alidhani ni joto. Baba alidhani ni kiburi cha jeshini. Mimi nilikuwa msichana wa shule, sikudhani chochote. Miaka mingi baadaye, nikiwa tayari nafundisha, nikasoma hadithi ya askari wa nchi nyingine kabisa, asiyeweza kufumba macho akiwa chini ya paa kwa sababu hataki kukosa sauti ya kinachokuja. Nilikifunga kitabu nikalia, nikimlilia kaka. Yule askari hakupata kuishi duniani, lakini ndiye aliyenieleza mkeka wa kaka yangu, jambo ambalo kaka hakulisema mpaka anaingia kaburini. Ndiyo maana nazitetea hadithi hizi. Wengi hudhani zimeandikwa kwa ajili ya askari. Mimi naona zinatufaa zaidi sisi tuliokula nao meza moja tukashindwa kujua tuulize nini.

Kwa hiyo msomee, lakini kwa utaratibu. Msomee mchana au jioni kukiwa na mwanga, pale barazani, ili akitaka kuinuka ainuke bila kupita mbele ya mtu. Kabla hujaanza mwambie neno moja: "Ukitaka tuishie hapa, sema." Usimuulize, "Na wewe ilikuwa hivi?" Uliza juu ya kijana wa kitabuni: alifanya vizuri kumwachia mwenzake maji? Angemwandikia mama yake nini? Akijibu kwa kusema "sisi", nyamaza umsikilize. Asipojibu, geuza ukurasa.

Wasiwasi wa mkewe nao si wa kupuuza, yeye ndiye analala naye. Kama mjomba ataanza kukosa usingizi, au kupiga kelele usiku, au kushtuka kila mlango unapobamizwa, acha kitabu umpeleke hospitali. Ndanda si mbali na nyinyi. Semeni wazi kwamba alikuwa vitani. Ni maradhi yanayojulikana na yanatibika, si mashetani wala si uzee.

SWALI: Mwalimu, nimeudhika. Rafiki yangu amenipa hadithi ambayo askari wetu anatetemeka na kulia kabla ya mapigano. Hii si dharau kwa mashujaa? Wahariri wanaruhusuje?
Kijana wa Lindi

JIBU: Ndugu yangu, hasira yako inatokana na upendo, nami naiheshimu. Lakini nenda Naliendele, hapa Mtwara, walipozikwa askari wetu waliofia Msumbiji. Tembea taratibu kati ya yale makaburi. Wale walikuwa watoto wa watu, wengine wadogo kuliko wewe. Nani kakwambia hawakuogopa? Kwangu mimi, aliyetetemeka kisha akavuka ana heshima kubwa kuliko asiyehisi kitu, na mwandishi anayemnyima hofu yake anamnyima na ujasiri wake.

Ukitaka kuudhika, yapo ya kuudhi. Hadithi nyingi zinavimaliza vita Kampala, tarehe 11 Aprili 1979, bendera juu, mwisho. Lakini askari waliendelea kwenda kaskazini, na ilikuwa mapema Juni walipofika mpaka wa Sudan. Waliokufa katika wiki hizo za mwisho wanafutwa na mwandishi aliyekuwa na haraka ya kufika kwenye sherehe. Vivyo hivyo marejeo: askari alirudi kwenye nchi iliyoambiwa ifunge mkanda kwa miezi 18, sabuni na sukari ni foleni. Huko ndiko hadithi nzuri zilikolala, na wachache wanazigusa. Kwa hilo waandikie wahariri, nami nitatia saini.

SWALI: Mimi ni wa Mahiwa. Bibi alisema Wazungu walipigana hapa kwetu. Kuna riwaya inayotuhusu?
Mwanafunzi

JIBU: Bibi alisema kweli. Ni katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Oktoba 1917, kuanzia tarehe 15 hadi 18, na vilikuwa vita vikali mno. Ila wengi wa waliopigana walikuwa Waafrika: askari wa Wajerumani upande mmoja, na upande wa Waingereza walikuwepo Wanaijeria na KAR (King's African Rifles), jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki. Mwezi uliofuata Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, akavuka Ruvuma. Riwaya ya Mahiwa yenyewe bado sijaishika mkononi. Anza na Afterlives ya Abdulrazak Gurnah, ya mwaka 2020, inayomfuata kijana aliyejiunga na jeshi la Wajerumani. Mimi niliisoma kwa Kiingereza. Tafuta mwalimu akusaidie panapokuwa pagumu. Na unaposoma hadithi yoyote ya vita hivyo, angalia mzigo uko kichwani mwa nani. Wapagazi walikufa kwa maelfu, kwa njaa na maradhi, na kwenye vitabu vingi wanapita kama miti ya kando ya njia. Kama bibi bado yupo, muulize kwa nyumba yenu nani alibebeshwa, na uyaandike majibu kwa maneno yake yeye, hata yale ya Kimwera. Ukinitumia nitayasoma yote.