Jibu: Ke Huy Quan alipotelea wapi miaka yote ile?

Ndugu, umeuliza kama mwigizaji wa Hollywood Ke Huy Quan aliacha kuigiza kwa hiari yake. Hapana, kazi ndizo zilizomkaukia.

Alizaliwa Saigon mwaka 1971, familia ikaikimbia Vietnam, akapitia kambi ya wakimbizi Hong Kong kabla ya kufika Marekani mwaka 1979. Kwenye usaili wa filamu alikwenda kumsindikiza nduguye tu, wakamtaka yeye. Mwaka 1984 akatokea na Harrison Ford katika Indiana Jones and the Temple of Doom, mwaka uliofuata The Goonies. Alipokua, Hollywood haikuwa na nafasi za maana kwa mwigizaji mwenye asili ya Asia, na hilo linaniuma mpaka leo, maana kipaji kilikuwa wazi.

Lakini hakukaa bure. Alisomea filamu chuo kikuu, akasaidia kupanga mapigano katika X-Men ya mwaka 2000, kisha akawa msaidizi wa mwongozaji wa Hong Kong, Wong Kar-wai, katika filamu iitwayo 2046. Kuitazama Crazy Rich Asians, filamu iliyojaa waigizaji wenye asili ya Asia, mwaka 2018 ndiko kulimrudishia hamu. Machi 2023 akatwaa Oscar ya mwigizaji msaidizi kwa Everything Everywhere All at Once. Tafuta video ya usiku ule: Ford ndiye aliyetangaza filamu bora, ikawa hiyo hiyo, na Quan alipanda jukwaani akamkumbatia na kumbusu shavuni.

Mwanasheria aliyemshughulikia mkataba wa Everything Everywhere All at Once ni Jeff Cohen, yule yule aliyeigiza Chunk katika The Goonies.