Kuacha unga: maswali yenu

Wiki hii nimechagua maswali manne kuhusu unga, yaani heroini, kutoka kwa wasomaji wa Mombasa. Majina nimeyaweka kando.

Kijana wangu kaniambia anataka kuacha unga. Nimfungie chumbani mpaka arosto imwishe? (Mama, Kisauni)

Usimfungie, mama. Arosto ni siku kadhaa za kutapika, kuharisha, kuumwa mifupa na kukesha. Anahitaji maji, uji na mtu wa kukaa naye. Ninachokihofia zaidi ni siku mlango utakapofunguliwa. Mwili utakuwa umeshapoteza uzoefu, na kipimo alichokuwa akikimudu mwezi jana chaweza kumkata pumzi. Kama anatumia pombe au bugizi (vidonge vya usingizi) pia, kuviacha ghafla huweza kumwangusha kifafa, kwa hiyo hospitali kwanza. Kliniki ya methadoni, dawa inayotolewa badala ya unga, iko hapo hapo Kisauni. Akisitasita, piga 1192, namba ya NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na dawa za kulevya. Haikati pesa.

Kaka yangu anakunywa methadoni kila siku. Si ametoka unga akaingia unga mwingine?

Hili nalisikia kila baraza, na huniudhi kidogo. Unga humshika mtu saa chache, kisha humrudisha mtaani kutafuta kete nyingine. Methadoni hupimwa, hunywewa mbele ya mhudumu, na humtuliza mtu kutwa nzima. Kenya ilianza kuitoa 2014 pale hospitali ya Mathari, Nairobi, kisha ikafika Pwani.

Kinachowashinda wengi ni kwenda kila siku. Mtu hana nauli ya matatu, au kapata kibarua na mwenye kazi anamtaka saa moja asubuhi kamili, wakati foleni ya kliniki haijaanza kusogea. Akikosa siku tatu mfululizo, dozi huenda ikabidi kupimwa upya. Basi kama una gereji au kibanda cha viazi karai, mwambie aje saa nne. Watu wako tayari kumchangia harusi kijana huyu, lakini nauli ya wiki moja hawamtolei! Mlipie nauli wewe, ni kaka yako.

Mwenzetu katoka gereza la Shimo la Tewa juzi. Sisi wa maskani tumsaidieje?

Wiki hizi za mwanzo ndizo za hatari, kwa sababu ile ile niliyomweleza mama. Asiachwe peke yake. Mkimkuta anakoroma ajabu, midomo imebadilika rangi na haamki, mlazeni ubavu na mumkimbize hospitali. Ipo dawa, naloksoni, inayorudisha pumzi. Maziwa na maji ya chumvi hayasaidii, yatampalia. Na msimkimbie kwa kuogopa polisi.

Ramadhani, mtu anayekunywa methadoni atafunga vipi?

Asiikatize mwenyewe. Aongee na kliniki mapema kuhusu saa ya dozi, kabla mwezi haujaandama.