Jibu: Kupokonya simu na kumsukuma mwenyewe, ni wizi au shambulio?

Ndugu, umeuliza: mtu akimpokonya mwenzake simu na kumsukuma hadi akaanguka, ashtakiwe kwa wizi au kwa shambulio? Wizi unagusa mali: kuchukua kitu cha mtu bila ridhaa yake, kwa nia ya kumnyima daima. Aliyebeba mwavuli wa mwenzake akiamini kwa dhati ni wake hajaiba. Shambulio linagusa mwili, na hapa wengi hukosea: si lazima damu itoke. Katika nchi nyingi zinazofuata mfumo wa sheria wa Kiingereza, hata kumwinulia mtu ngumi akahofia kupigwa papo hapo kunatosha.

Kisa chako ni unyang'anyi, kosa zito kuliko wizi, kwa sababu nguvu ilitumika ili simu ipatikane. Sheria ya Wizi ya Uingereza ya 1968, kifungu cha 8, inataka nguvu au vitisho vitumike kabla tu ya kuiba au wakati wa kuiba, tena kwa lengo hilo. Lakini kama walipigana kwa ugomvi mwingine, simu ikadondoka, mmoja akaiokota na kuondoka nayo, hayo ni makosa mawili: shambulio, kisha wizi. Tafadhali, aliyeporwa aeleze mfuatano wa matukio kwa makini anapoandikisha maelezo polisi.